Swali la lugha: Tuandike vipi maneno ya kendo kwa Kiswahili?

SWALI: Natafsiri mwongozo wa kendo, mchezo wa Kijapani wa kupambana kwa upanga wa mwanzi, kwa ajili ya wanafunzi wanaoanza. Je, majina ya Kijapani niyaache yalivyo au niyatafsiri? Wingi wa “shinai”, yaani huo upanga wa mwanzi, ni “mashinai”? Na ni sahihi kuandika “alishinda kwa ippon mbili”?

JIBU: Ndugu msomaji, yatenge maneno yako katika mafungu mawili kabla hujaanza kutafsiri. Fungu la kwanza ni amri na matangazo ya mwamuzi: hajime (anzeni), yame (simameni), wakare (achaneni), hikiwake (sare), men ari (pigo la kichwani limekubaliwa). Hayo yaache katika Kijapani, kwa sababu ndivyo yanavyotamkwa kwenye mashindano ya kimataifa, na mwanafunzi asiyeyazoea atasimama uwanjani asijue la kufanya. Fungu la pili ni majina ya vifaa, mapigo na watu. Hayo yaingie katika sarufi yetu bila wasiwasi.

Kijapani kinatusaidia: kina irabu zetu zilezile tano, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Shinai, bogu (mavazi ya kinga), hakama (suruali pana), tare (kinga ya kiuno) na kamae (mkao wa kujiweka tayari) zinaandikika zilivyo. “Men”, yaani kinga ya kichwa na pigo la kichwani, inaishia kwa konsonanti, na anayejua Kiingereza ataisoma kama “wanaume”. Katika maelezo andika “meni”, na “men” ibaki kwenye tangazo la mwamuzi. Kendo na dojo (ukumbi wa mazoezi) zina “o” ndefu katika Kijapani, lakini usiandike “kendoo”, kwani mkazo utahamia kwenye silabi ya pili, kama katika “kondoo”. Kwa “tsuki”, yaani pigo la kuchoma kooni, shikilia “ts” hiyo. Wasomaji wameshaizoea katika jina la Tsavo, na ukiirahisisha kuwa “ch” utapata “chuki”.

Kuhusu ngeli, weka vifaa katika I/ZI: shinai hii imechakaa, shinai hizi zimechakaa. “Mashinai” si kosa la jinai, ila liko karibu mno na “mashina”, na maneno yote mawili yatakutana katika aya inayohusu mianzi. Watu wafuate upatanisho wa viumbe hai: sensei (mwalimu) amefika, masensei wamefika. Mchezaji mwite mwanakendo au mcheza kendo.

Neno la kuliangalia kuliko yote ni “kote”. Kwa Kijapani ni kinga ya mkono, ni shabaha, na ni pigo lenyewe. Kwetu lina maana yake ya tangu zamani, na matamshi ni yaleyale. Ukiandika “mpige kote”, mwanafunzi ataelewa kwamba ampige kila mahali. Herufi za mlazo zitasaidia kwenye karatasi, lakini mwalimu anaposoma kwa sauti hazisikiki. Dawa yake ni kutoliacha neno hili peke yake hata mara moja: kinga ya kote, shabaha ya kote, pigo la kote.

Wala usikimbilie “piga glavu” au “piga mkono”. Shabaha ya kote ni sehemu ya kinga inayofunika kifundo na mwanzo wa kigasha, kwa kawaida mkono wa kulia. Ngumi haimo, na pigo linalotua juu yake halihesabiwi. Vivyo hivyo kwa “do”, kinga ya kiwiliwili na pigo lake. Kamusi itakupa “kiwiliwili”, na watafsiri wengine huandika “kifua”. Hapo mwanafunzi atagonga katikati ya kifua, wakati shabaha ni ubavu, mara nyingi wa kulia. Na “meni” isiwe “uso”, kwani ule wavu wa chuma ulio mbele ya uso si shabaha. Shabaha ni utosi na pande zake mbili, juu ya panja. Kwa hiyo taja jina la Kijapani, kisha eleza mahali pa kupiga kwa Kiswahili kamili.

“Ari” nayo inateleza. Katika “kote ari” haina uhusiano na ari yetu ya moyo. Kwa Kijapani maana yake ni “ipo”, yaani mwamuzi anasema pigo la kote limekubaliwa. Usiitafsiri “kote kwa ari”.

Sasa “ippon mbili”. Hapana. Ippon ni pointi moja: mwanzo wa neno hilo ni “ichi”, yaani moja, kwa hiyo idadi imo ndani yake tayari. Mbili ni “nihon” na tatu ni “sanbon”. Pambano la kawaida ni sanbon shobu, ambamo anayetangulia kupata pointi mbili ndiye mshindi. Pointi ya kwanza ikishapatikana, mwamuzi huanzisha tena pambano kwa kutangaza “nihonme”, yaani “ya pili”. Kila mmoja akiwa na pointi moja, hutangaza “shobu”, yaani pambano la kuamua mshindi. Wewe andika “alishinda kwa pointi mbili”, na “ippon” uieleze mara moja tu.

“Zanshin” iandike “zanshini” na uipe sentensi nzima ya maelezo, kwa maana “utulivu” haitoshi. Ni kubaki tayari kwa mwili na akili baada ya kupiga, ukiwa umemwelekea mpinzani. Pigo zuri bila zanshini halipati pointi, na anayeshangilia anaweza kufutiwa pointi aliyokwisha kupewa.

Sehemu ya matunzo ndiyo nakusihi uiandike kwa Kiswahili chetu chenyewe, kwa sababu hapo tuna maneno makali kuliko unavyodhani. Shinai ni vipande vinne vya mwanzi vilivyoshikwa na ngozi ya mpini, ngozi ya ncha, mkanda mwembamba wa katikati na uzi. Miongozo mingi husema “usitumie shinai iliyovunjika”. Hilo ni onyo lililochelewa. Shinai huanza kwa kutoa vibanzi kwenye kingo za vipande, kisha hupata ufa unaofuata urefu wa mwanzi, na kuvunjika huja mwisho. Kibanzi chembamba kinaweza kupenya kwenye wavu wa meni na kuingia jichoni. Kwa hiyo andika: “Kabla ya kila zoezi, kagua vipande vyote vinne. Ukiona kibanzi au ufa, weka shinai hiyo kando.”

Na pale penye vipimo, sentensi iwe hivi: “Shinai ya mwanamume mtu mzima isizidi sentimita 120 wala isipungue gramu 510, bila kuhesabu tsuba.” Kwa mwanamke kima cha chini cha uzito ni gramu 440. Tsuba ni kikinga mkono cha duara, na ukishaieleza hivyo mara ya kwanza, kurasa zinazofuata andika “tsuba” tu.