Usimkopeshe Mshirika Gesi: kwa familia za wamisionari zinazoanza kazi Nairobi

Karibu kila mwaka tunapokea nyumbani kwetu Kayole familia moja au mbili zilizotumwa na makanisa ya mashambani kuja kuanzisha ushirika katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Akina baba wakiwa sebuleni wakizungumzia mahubiri, mama wa familia hunifuata jikoni na kuniuliza kwa sauti ya chini swali ambalo mimi mwenyewe niliwahi kumuuliza mama mwingine: fedha za kanisa lililotutuma zikikatika, tutakula nini? Sisi tuliahidiwa msaada wa miaka mitatu, nao ulikoma baada ya miezi kumi na minne. Simlaumu mtu, kwa maana mwaka huo mvua ilikosa na sadaka za kijijini zikapungua pamoja na mahindi. Tulilazimika kufungua duka, na kwa kuwa nimeuza mafuta taa, makaa na gesi kwa miaka mingi huku mume wangu akichunga kanisa hatua mia mbili kutoka dukani, nimeona heri niandike ninayowaambia wageni hao, ili nisiendelee kuyarudia jikoni huku chapati zikiungua.

Watu watakutajia Mtume Paulo, aliyeshona mahema Korintho asiwalemee ndugu. Mfano huo ni mzuri, ila mkumbuke kwamba Paulo hakuwa na karo ya kulipa. Mimi huwaelekeza wageni kwa Akila na Priskila, wenye nyumba aliyokaa Paulo, ambao walikuwa mume na mke, wakifanya kazi hiyo hiyo ya mahema na kulipokea kanisa katika nyumba yao. Maisha yetu yanafanana zaidi na yao.

Nishati tuliichagua kwa sababu rahisi: katika ploti zetu hakuna nyumba isiyopika, na mama anayekosa pesa ya nguo mwaka mzima hakosi kutafuta ya moto kila jioni. Hata hivyo, biashara hii huendeshwa kwa kiasi kikubwa na maamuzi yanayofanyika mbali na mtaa wako, nawe sharti ujifunze kuyafuatilia. Tulipoanza tulitegemea mafuta taa. Mnamo Septemba 2018 serikali ilianza kutoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ili kuwazuia walaghai waliokuwa wakiyachanganya na dizeli kwa kuwa bei yake ilikuwa ya chini. Mama aliyezoea kununua ya shilingi thelathini akapata kidogo kuliko jana, na wateja wetu wakaanza kuhamia gesi mmoja baada ya mwingine. Gesi nayo ikawekewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha ikaondolewa mwaka 2023. Bei za juu za petroli, dizeli na mafuta taa hutangazwa na EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na petroli, tarehe 14 ya kila mwezi na kuanza kutumika tarehe 15, ilhali bei ya gesi haimo katika tangazo hilo, na muuzaji wa jumla anaweza kukuamsha na bei mpya siku yoyote. Mume wangu amekubali kwamba jioni ya tarehe 14 asipange kikao kinachonihitaji.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, nalo ni deni.

Mwanzoni tuliwakopesha washirika wetu kwa moyo mweupe. Mtu unayeshiriki naye meza ya Bwana Jumapili, utamnyimaje gesi Jumanne? Alikuwapo fundi wa mabati aliyekuwa akiimba besi kwenye kwaya, sauti ambayo ilishika wimbo mzima chini kama msingi wa nyumba. Januari, mwezi wa karo, alikuja na mtungi mtupu wa kilo 6 akasema, "Mama Mchungaji, niandikie tu, nitalipa mwisho wa mwezi." Nikamwandikia. Februari akachukua mwingine, nikaandika tena. Machi hakuonekana kwenye mazoezi ya kwaya, wala kwenye ibada, na tukadhani ni mgonjwa. Mume wangu akaenda kumjulia hali Jumatano jioni, akapokelewa na mkewe mlangoni, akaambiwa kwamba Baba watoto ametoka. Viatu vyake vya kazi, vyenye rangi ya fedha ya mabati kwenye ncha, vilikuwa hapo hapo mlangoni, na ndani redio ilizimwa ghafla.

Deni lenyewe lilikuwa shilingi 2,300. Kwa shilingi hizo tulipoteza besi ya kwaya, mkewe aliyekuwa akipanga viti, na watoto watatu wa shule ya Jumapili. Tulilifuta deni na kumtumia ujumbe kwamba halipo tena, lakini hakurudi. Nadhani tulimwongezea aibu, kwa sababu sasa hakuwa mdaiwa tu, alikuwa mdaiwa aliyehurumiwa. Mwenye duka wa kawaida akikimbiwa na mdeni hupoteza fedha, ila mchungaji mwenye duka humpoteza mtu ambaye alitumwa Nairobi kwa ajili yake.

Deni hufika hadi mimbarani pia. Mwaka huo huo mume wangu alikuwa akifundisha Waraka kwa Warumi sura kwa sura, akafika ya kumi na tatu, mahali Paulo anaposema tusiwiwe na mtu chochote ila kupendana. Hakuwa na nia yoyote ila kumaliza sura. Mimi nilikuwa nimeketi kando na wanawake, na nikiwa mshika daftari nilijua kwamba katika safu tatu za mbele walikuwamo wadeni sita wa duka letu. Niliwaona wakiinamisha vichwa mmoja mmoja. Baada ya ibada wawili walinilipa, jambo lililonisikitisha kuliko kama wangekaa kimya, kwa sababu nilielewa kwamba walisikia sauti ya muuza gesi badala ya Neno.

Utaratibu tuliouweka baadaye, na ambao ninawasihi muanze nao siku ya kwanza, ni huu. Mshirika wa kanisa letu hakopeshwi dukani hata kidogo, awe mzee wa kanisa au mtu aliyebatizwa jana. Anayeishiwa kabisa humwendea shemasi, naye huipeleka haja yake kwa kamati ya watu watatu inayosimamia mfuko wa huruma, ambayo mimi na mume wangu hatumo. Kamati ikikubali, duka hulipwa taslimu kama linavyolipwa na mteja mwingine yeyote, na mshirika hupokea gesi ikiwa zawadi ya kanisa isiyorudishwa. Nasi hutia fungu letu katika mfuko huo kila mwezi kama washirika wengine. Hapo mtu husaidiwa bila kuingia kwenye daftari langu, na akiniona njiani hana sababu ya kuvuka barabara.

Majirani wasio washirika wetu tunawakopesha mtungi mmoja, na hawapati wa pili kabla ya kulipa wa kwanza. Mzee mmoja Mwislamu anayeuza vitambaa mkabala nasi aligundua tofauti hiyo, akaniuliza akicheka, "Kwa hivyo mimi ninakopeshwa kwa kuwa sijaokoka?" Nilimjibu kwamba ndiyo, mzee wangu, hasa kwa sababu hiyo. Naye hulipa kabla ya wote.

Baada ya deni, mizani. Nunueni mizani iliyokaguliwa na maafisa wa vipimo, muiweke mahali mteja anapouona mshale bila kuomba. Kila mtungi umegongwa uzito wake ukiwa mtupu, na uzito huo hutofautiana kutoka mtungi hadi mtungi, kwa hiyo hakuna njia ya kujua gesi iliyomo ila kupima na kutoa. Shosho mmoja aliniletea mtungi wa kilo 6 aliouziwa asubuhi hiyo na kijana wa pikipiki, akinung'unika kwamba siku hizi gesi humwishia kabla ya wiki mbili. Shingoni paliandikwa kilo 7.4, kwa hiyo ulipaswa kusoma 13.4. Mshale ulisimama kwenye 11.9. Shosho hakusema neno. Alichukua kalamu yangu, akaandika nambari hizo mbili kwenye kiganja chake, akatoka. Kitabu cha Mithali kinazungumza juu ya mizani ya hadaa waziwazi, na mtaa mzima unajua kwamba mumeo hukihubiri.

Kuhusu usalama nitakuwa mkali. Msijaze kamwe mitungi midogo kutoka kwa mikubwa nyuma ya duka, hata mkiona wengine wanafanya na wanapata faida. Pateni leseni ya EPRA na idhini ya kampuni yenye mitungi mnayouza, na cheti cha zimamoto. Wakazi wa mashariki mwa Nairobi hawahitaji kuhubiriwa juu ya hili. Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka bomba lililopita Mukuru Sinai, na moto ukaua watu zaidi ya mia moja, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka Mradi, Embakasi, mahali ambapo ilikuwa ikijazwa bila kibali.

Sisi wenyewe tuliponea chupuchupu, na kosa lilikuwa letu. Stoo ya mitungi tuliiweka nyuma ya ukumbi wa ibada ili tuokoe kodi ya pango, na kati ya stoo na ukumbi palikuwa na ukuta wa mabati tu. Ijumaa moja ya kesha stima ilipotea karibu saa sita usiku, akina mama wakawasha mishumaa, na maombi yakaendelea. Nilikuwa nimepiga magoti karibu na ukuta ule, paji la uso likikaribia sakafu, nikanusa gesi. Waliosimama wakiimba hawakunusa chochote. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kukusanyika mashimoni, na harufu ile huongezwa makusudi ili ivujapo ijulikane; kwa hiyo dirisha la juu halisaidii kitu, panapohitajika nafasi ya hewa ni pale chini, karibu na sakafu. Tulizima mishumaa, tukawatoa watu nje gizani, tukaonya mtu yeyote asiguse swichi. Asubuhi nilipaka povu la sabuni kwenye vali, nikaupata mtungi uliokuwa ukitoa mapovu. Wiki hiyo hiyo tulipanga kibanda cha waya kilicho wazi, mbali na ukumbi, na kodi yake tunailipa hadi leo bila kunung'unika.

Kwa wanaouza mafuta taa, msimpimie mtoto aliyetumwa na chupa ya soda. Chupa hiyo itawekwa chini ya meza, na mtoto mdogo zaidi ataiona kuwa soda. Akinywa, asitapishwe, maana mafuta yakipanda huingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja. Sisi tunayo madumu ya lita moja tunayoazima, na mama wengine hutukasirikia.

Fedha nitazipitia kwa haraka. Nambari ya Till, ile ya kupokelea malipo kwa simu, iwe ya duka, ya sadaka iwe nyingine, na zisifanane hata tarakimu. Kabla hatujazitenganisha nilikuwa nikikaa Jumatatu usiku na simu, nikitazama shilingi 1,000 kutoka kwa mshirika, nisijue kama ni zaka au ni gesi ya Jumamosi, na kumpigia mtu kumuuliza swali hilo ni aibu kwa pande zote mbili. Duka lililo kwa jina lenu halifunikwi na msamaha wowote wa kodi wa kanisa. Mauzo yakizidi shilingi milioni moja kwa mwaka, kodi ya mauzo ni asilimia 3 tangu Julai 2023, nayo hutozwa mauzo yote, hata mwezi usio na faida. Jueni pia kwamba mtaji wenu mwingi utakuwa umelala ndani ya mitungi yenyewe, na mteja anayehama usiku na mtungi wenu huondoka na faida ya miezi.

Jumapili tunafunga hadi saa nane mchana. Wengine watafunga siku nzima, sitabishana nao, lakini gesi ina tabia ya kuisha wali ukiwa jikoni Jumapili. Kijana wetu wa kupeleka mitungi hulipwa mshahara, ingawa ni mshirika, kwa sababu kazi ya duka haiwezi kuitwa huduma ili apewe soda na baraka.

Limebaki moja. Siku moja kanisa lililowatuma litawahamisha, au ushirika utakua na kutaka kujua duka ni la nani, hasa ikiwa washirika walibeba mitungi ya kwanza na kupaka rangi ukuta. Andikeni karatasi: mtaji ulitoka wapi, faida ni ya nani, kanisa litapata nini, na familia ikihamishwa mitungi itauzwa au itaachwa. Wazee wote waitie sahihi. Sisi tuliiandika mwaka wa tatu, tukiwa tayari tumekosana na wazee wawili, na mmoja wao tulipatana naye miaka miwili baadaye kwenye matanga ya mama yake, nilipomletea mtungi wa kilo 13 wa kupikia waombolezaji na kamati ikaulipia.