Chini ya Boneti: Supra Hii ni ya Nani?

Msomaji anauliza: Naipenda Supra, gari la michezo la Toyota, tangu utotoni, hasa ile ya 1993. Sasa wenzangu wananicheka kwamba hii iliyotoka 2019 ni BMW iliyovikwa kanzu ya Toyota. Nikae kimya au niwajibu?

Ukifungua boneti mbele yao umekwisha. Nembo ya BMW imepigwa kwenye vipuri kadhaa, iko wazi kabisa. Injini ya silinda sita ni ya BMW, skrini na vitufe ni vya kwao, na gari lenyewe liliundwa Graz, Austria, katika kiwanda kimoja na BMW Z4. Hata usukani ukiwa kulia, kijiti cha indiketa kiko kushoto. Mtu aliyezoea magari ya Kijapani akitaka kukata kona anawasha waipa. Mimi yamenikuta, tena mara mbili kwenye safari moja.

Ila nawe waulize: Supra ya kwanza, ya 1978, ilikuwa nini? Celica, gari jingine la Toyota, iliyorefushwa pua ili silinda sita zipate pa kukaa. Na hiyo ya 1993 unayoiota usiku ilichangia chasi na Soarer, gari ambalo Marekani liliitwa Lexus SC. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa hao walikuwa ndugu wa nyumba moja. Kinachowauma watu leo ni kwamba safari hii Toyota imekwenda kuazima chungu kwa jirani.

Na isingeazima, ingepika nini? Ilikuwa imeshaacha kuunda injini za petroli zenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Kuanza upya kwa ajili ya gari la watu wawili tu, ambalo wanunuzi wake hawajai kiganjani, ni hesabu ambayo mhasibu yeyote angeichana. Kwa hiyo kampuni mbili zikakubaliana vipimo vikuu, kisha kila moja ikaenda kurekebisha gari lake. Ekseli ya mbele na ya nyuma za Supra zimeachana milimita 2,470 tu, pungufu ya milimita 100 kuliko kwenye Toyota 86, gari lililo dogo zaidi. Ufupi huo ndio unaolifanya ligeuke kama paka. Z4 ikatoka na paa la turubai, Supra ikatoka na paa la bati lenye nundu mbili.

Malalamiko yangu mimi, niliyepiga bodi kwa miaka mingi, yako kwingine: yale matundu ya hewa milangoni. Chomeka kidole. Plastiki! Hayapitishi hata pumzi. Hilo hakulileta Mjerumani.

Kwa nini Golf, Octavia na Audi A3 zinafanana ukizitazama ubavuni, ilhali kila moja ina taa na shoo yake?

Una jicho zuri. Usitazame taa, tazama nafasi kati ya tairi la mbele na mlango wa dereva. Zote tatu zimesimama juu ya chasi ya MQB, ambayo kundi la Volkswagen lilianza kuitumia 2012. Katika chasi hiyo, kipande kati ya ekseli ya mbele na pedeli hakibadiliki, maana ndipo penye kazi ya gharama kubwa. Nyuma ya hapo wanaweza kurefusha, kutanua, kuongeza mkia. Mchoraji anapewa mwili ambao shingo yake imeshakatwa kipimo. Anachobaki nacho ni kofia na viatu.

Nilishavunja swichi ya kioo ya gari lenye nembo ya kifahari. Nikachukua ya mdogo wake wa bei nafuu. Soketi ileile, namba ileile mgongoni. Sikuona kwamba nimetapeliwa. Nilifurahi kama niliyeokota pesa.

Pikapu ya Mercedes X-Class ilikosea wapi?

Ilikosea mahali ambapo mkono unagusa. Ilitoka 2017 ikiwa na mifupa ya Nissan Navara, ikaachwa 2020. Kazi iliyofanywa chini si ya kubezwa: matairi yalisogezwa nje, na baadaye ikapewa injini ya V6 ya Mercedes yenyewe. Lakini ukikaa ndani unashika mkono wa gia ambao mwenye Navara ameushika kwa bei ndogo zaidi. Chasi mteja haioni. Mkono wa gia anaushika kila siku, na kila siku anakumbuka alicholipa.

Nina Subaru BRZ. Nikiibandika nembo ya Toyota 86, nani atajua?

Hayo ni magari pacha, lakini kwa mbele watajua, bampa na taa hazifanani. Ukiibadilisha na hiyo bampa, kama yako ni ya kizazi cha kwanza, dereva mzoefu bado atakugundua kwenye kona: springi za mbele za BRZ ni ngumu zaidi, za nyuma za 86 ndizo ngumu, kwa hiyo 86 hutupa mkia upesi. Na injini ni hiyohiyo ya Subaru, imelala chali, silinda zikipeana migongo. Katika kizazi hicho cha kwanza, kipenyo cha silinda ni milimita 86, mwendo wa pistoni milimita 86. Kwa hiyo namba ya Toyota unayo tayari humo ndani. Hifadhi gundi yako.