1N4007 haiingii kila mahali: kwa mafundi wapya wa elektroniki

Kijana akianza ufundi wa elektroniki hapa Kadutu, Bukavu, diodi (kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya kwanza anayoijua kwa jina ni 1N4007. Haishangazi. Bei yake ni ndogo, kila meza ya vipuri inayo, na mashine yoyote mbovu iliyotupwa kwenye kona ya atelye haikosi tatu au nne. Tatizo linaanza anapoifanya dawa ya kila ugonjwa. Diodi ya chaja imekufa, anaweka 1N4007. Ya paneli ya sola, 1N4007 tena. Mashine inawaka, mteja analipa, na siku chache baadaye mteja huyo huyo yuko mlangoni: "Papa fundi, si ulisema imepona?"

Wadogo zangu, diodi haichaguliwi kwa umbo. Kabla ya kuchomelea mpya, jua ile ya zamani ilikuwa inafanya kazi gani pale ilipokaa. Ukishajua hilo, utatafuta mambo matatu: ampea inazopaswa kubeba, volti za kinyume inazopaswa kuzuia, na kasi yake ya kufunga njia umeme unapogeuka. Hili la tatu shuleni hupitwa haraka, na ndilo linalorudisha wateja.

Msingi tuumalize upesi. Diodi inapitisha umeme kutoka anodi kwenda kathodi, na kathodi ndiyo yenye mstari. Ya silikoni ya kawaida inakula kama volti 0.7 njiani. Zidisha hizo 0.7 kwa ampea zinazopita, unapata wati za joto: kwa ampea 5 ni wati 3.5, zinazotosha kukuunguza kidole.

Mahali ambapo 1N4007 iko kwao ni upande wa umeme wa ukutani. Zile volti 220 tunazozitaja si kilele. Kilele chake ni kama 311. Umeme huo ukipita kwenye daraja la diodi nne na kapasita kubwa (kipuri kinachohifadhi umeme), unapata volti 310 hivi za DC, yaani umeme usiogeuka. Katika daraja, kila diodi inazuia kilele hicho kimoja. Lakini mashine ndogo nyingine zinatumia diodi moja tu na kapasita, na hapo diodi inabanwa kati ya kapasita iliyojaa na kilele cha upande wa pili, yaani zaidi ya volti 620. Ukiweka 1N4004, ambayo kikomo chake ni volti 400, imeshakufa kabla hujafunga kifuniko. 1N4007 inazuia 1000. Kwa kuwa umeme wetu hapa Bukavu ukikatika haurudi kwa upole, hata pale 1N4004 inapotosha mimi naweka 1N4007 bila kufikiri mara mbili. Ila kumbuka inabeba ampea 1 tu; zikihitajika 3, chukua 1N5408, yenye miguu minene.

Diodi ya daraja ikifa, mara nyingi inapiga shoti, na fyuzi inaondoka nayo. Mgeni wa kazi anabadilisha fyuzi, inapasuka. Anabadilisha tena, inapasuka tena. Tengeneza kwanza taa ya majaribio: balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100, iliyofungwa kwa mfululizo na waya mmoja wa umeme unaokwenda kwenye mashine. Ukiwasha, balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, kapasita imejaa na mambo ni mazuri. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti ndani, na hakuna kilichopasuka. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Na ile kapasita kubwa inaweza kubaki na volti 300 hata baada ya kuchomoa plagi. Imwage kwa rezista ya kilo-omu chache yenye wati za kutosha, si kwa bisibisi. Wanaopenda ule mlio wa bisibisi siku moja wataharibu kapasita, au macho yao.

Sasa njoo upande wa pili wa chaja, baada ya transfoma ndogo. Hapa umeme haubadiliki mara 50 kwa sekunde tena. Chaja nyingi zinakwenda karibu kilohezi 65, maana yake mzunguko mmoja unachukua mikrosekunde 15 tu. 1N4007 umeme ukigeuka haifungi papo hapo. Inabaki wazi kwa mikrosekunde kadhaa. Kwa umeme wa ukutani, ambao mzunguko wake ni mikrosekunde 20,000, hakuna atakayeona. Ndani ya chaja, inapitisha umeme kinyumenyume kwa sehemu kubwa ya kila mzunguko, inachemka, chaja inatoa volti pungufu au inakufa kabisa. Mita haitakuonyesha kosa lolote: ukiipima ikiwa baridi, ni diodi nzima kabisa.

Pale inatakiwa diodi ya aina ya Schottky, au diodi ya kasi. FR107 inafunga ndani ya nanosekunde 500, UF4007 ndani ya 75, na Schottky haina ucheleweshaji huo wa kawaida kabisa. Tena Schottky inakula volti 0.3 hadi 0.5 tu, kwa hiyo joto linapungua. Udhaifu wake ni volti za kinyume. 1N5819 na 1N5822 zinazuia 40 tu. Zinafaa kwenye chaja nyingi za volti 5, lakini usizipeleke kwenye pawa (sehemu inayolisha umeme) ya volti 12 ya televisheni. Piga hesabu: kama transfoma inapunguza mara 8, zile 310 zinafika upande wa pili zikiwa karibu 39, jumlisha na 12 za kutoka, diodi inazuia 51, bado hujahesabu mishtuko ya kuwasha na kuzima. Ndiyo maana ukifungua pawa hizo unakuta Schottky ya volti 100, kwa mfano MBR20100, ikiwa imefungwa kwenye bati la kupozea. Pawa ya kompyuta iliyokufa usiitupe, ina diodi za aina hiyo za bure.

Schottky ina tabia nyingine inayochosha: inavuja ikipata joto. Asubuhi unaipima, nzuri. Baada ya nusu saa ya kazi mashine inazima. Ukishuku, itoe, ipashe kidogo kwa chuma cha kuchomelea, kisha pima upande wa kinyume kwa kipimo cha omu kikubwa. Uvujaji mdogo ni kawaida yake. Omu zikiporomoka vibaya, tupa.

Kwenye kupima kwa jumla, weka mita kwenye alama ya diodi. Silikoni inasoma kati ya 0.5 na 0.7, Schottky 0.15 hadi 0.3, na kinyume isisome kitu. Sifuri pande zote ni shoti. Ikiwa bado iko kwenye bodi, nyanyua mguu mmoja, la sivyo unapima na majirani zake.

Zile ndogo za kioo chekundu chenye mstari mweusi ndizo zinazowachanganya wengi. 1N4148 na Zener zinafanana, na kwa mita zote zinasoma 0.6 au 0.7. Kazi zao hata hazikaribiani. 1N4148 ni ya ishara ndogo, ina kasi ya nanosekunde 4, na huwekwa pale palipo na umeme mdogo. Zener inafungwa kinyume makusudi, ishike volti fulani: 1N4733 inashika 5.1, 1N4742 inashika 12. Ukiweka 1N4148 mahali pa Zener ya kulinda, ulinzi umeondoka. Soma maandishi kwa kamera ya simu ukikuza picha. Yakiwa yamefutika, chukua chanzo cha volti 24, rezista ya kilo-omu 2 hadi 4, funga diodi kinyume, pima miguuni pake. Ikisoma 12, ni Zener ya 12. Ikisoma zote 24, si Zener, au ni Zener ya volti zaidi ya hizo.

Na sasa paneli, kwa sababu hapa kwetu ndizo zinazotuletea kazi. Utafiti wa picha za setilaiti uliotolewa mwaka 2016 uliweka Kabare, hapo jirani yetu, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi kwa kila kilomita ya mraba, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Radi si lazima ipige nyumba. Ikianguka karibu, inasukuma volti kwenye waya mrefu unaoshuka kutoka paa, na diodi za paneli, ambazo mara nyingi ni Schottky za volti 40 hadi 45, hazivumilii.

Mteja analeta paneli ya wati 100 akisema imekufa. Usimkubalie haraka. Paneli ya kawaida ya batri ya volti 12 ina seli 36, na juani bila mzigo inatoa volti 21 au 22. Yake inatoa 10 au 11. Nambari hiyo ya nusu ndiyo inayosema kila kitu. Nyuma ya paneli kuna kisanduku cheusi, na ndani mara nyingi kuna diodi mbili, kila moja imebeba seli 18. Kazi yake ni kupitisha umeme kando pale seli hizo zinapofunikwa na kivuli cha mgomba au cha antena, zisije zikachemka. Moja ikipiga shoti, seli zake 18 zimefungwa kabisa, na volti 11 haziwezi kuchaji batri ya 12 hata jua liwe kali namna gani.

Funika paneli kwa blanketi kwanza, maana mwanga ukiwa juu yake mita inasoma uongo. Nyanyua mguu wa kila diodi, pima, utaipata iliyokufa. Weka Schottky ya ampea 10 au 15, volti 45 au zaidi, mstari uelekee chanya kama ile ya zamani. Paneli ya wati 100 inatoa karibu ampea 6, kwa hiyo 1N4007 hapo itaungua siku ya kwanza ya kivuli, na plastiki ya kisanduku nayo. Kama huna diodi ya kufaa leo, iache nafasi wazi: paneli itarudisha volti zake zote, lakini mwambie mteja aiweke mbali na kivuli na arudi. Kazi ya dakika chache, na yeye alikuwa tayari kununua paneli mpya.

Taa za LED za batri ya volti 12 nazo zina mtego wake. Wengi wanafunga LED tatu nyeupe kwa mfululizo, kila moja volti 3.2, jumla 9.6, halafu wanapiga hesabu ya rezista kwa volti 12: 2.4 kugawa kwa 0.02, omu 120. Hesabu iko sawa, ila batri inayochajiwa inafika 14.4. Hapo umeme unapanda hadi miliampea 40, mara mbili ya kile LED ndogo inachovumilia, na taa zinafifia moja moja. Weka omu 270. Mchana zitapata miliampea 18, usiku karibu 9. Mwanga utapungua, hasa usiku.

Kwenye rilei (swichi inayovutwa na koili), diodi inayokaa sambamba na koili, mstari kwenye chanya, inameza mshtuko wa koili inapozimwa. Ikikosekana, transista inakufa, na ukibadilisha transista peke yake itakufa tena. Hapo 1N4007 inafaa kabisa. Diodi za kupokea mwanga wa rimoti na za kutafutia stesheni kwenye redio utazikuta, lakini mara chache ndizo zenye kosa.

Katika kisanduku chako weka 1N4007 nyingi, 1N5408 chache, UF4007, 1N4148, Zener za 5.1 na 12, Schottky za volti 40 na za 100. Za paneli nunua kabla ya Septemba, maana mvua zikishaanza, sokoni zinaisha na bei inapanda.