Nimezuia kura mara mbili, mbona mtu mmoja kapiga tatu?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuo kimoja hapa Mwanza, projekti yangu ya mwisho ni mfumo wa kuchagua serikali ya wanafunzi kwa blokcheni (kumbukumbu za pamoja zinazotunzwa kwenye kompyuta nyingi), nimeandika smati kontrakti (programu inayojiendesha humo) kwa lugha ya Solidity na nimeweka kabisa ile kwamba ukishapiga kura ukirudi unakataliwa. Tukajaribu na wenzangu, mmoja akapiga kura tatu bila shida! Alichofanya ni kufungua akaunti tatu kwenye MetaMask, ile waleti ya kidijitali, basi. Nimekosea wapi kwenye programu? Na mbona wanasema blokcheni haichezewi? – Mwanafunzi, Mwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ulichoandika kinafanya kazi yake vizuri tu, ishu ni kwamba kontrakti inajua anwani (namba ya akaunti ya waleti), haijui mtu. Kura ikija inaangalia msg.sender, yaani anwani iliyoituma, inatazama kama anwani hiyo imeshawekewa alama, kama bado inapokea. Sasa anwani kutengeneza ni bure, hata bando huhitaji, kwa hiyo mtu mmoja akija na anwani tatu kontrakti inaona wapigakura watatu. Wenyewe wanaita shambulio la Sybil. Na hiyo ya "haichezewi" maana yake kura ikishaingia hakuna atakayeifuta kimyakimya, haisemi kabisa kama aliyeipiga alikuwa na haki ya kuipiga.

Fikiria kituo cha kura, wino wa kidoleni unazuia mtu asirudi, lakini kinachosema huyu ni mpigakura ni daftari. Wewe umeleta wino bila daftari.

Nenda kasome mfano wa Ballot kwenye maelezo ya Solidity yenyewe. Pale kila anwani inaanza na uzito sifuri, mwenyekiti ndo anaipa haki ikawa moja, na mwenye sifuri hapigi. Kwako mwenyekiti awe ofisi ya usajili au tume ya uchaguzi ya wanafunzi: mtu anakuja na kitambulisho, anasaini ujumbe kwa waleti yake mbele yenu kuonyesha kweli ni yake, anwani inaingia, namba moja ya usajili anwani moja, na daftari linafungwa kabla kura hazijaanza. Akipoteza simu umpe anwani mpya, ila ya zamani ifutwe kwanza na mhakikishe haijapiga, hapo watu wengi wanasahau halafu kura ya pili inapitia mlango huo huo.

Tafadhali sana usiweke namba za usajili kwenye blokcheni, hata ukizipitisha kwenye heshi (hesabu inayogeuza namba kuwa msimbo usiorudishika nyuma). Namba za chuo zinafuatana, mtu anakokotoa heshi za namba zote kwa dakika chache anajua nani ni nani, na kitu kikishaandikwa kule hakitoki.

Kingine ni mpangilio wa mistari ya programu. Weka alama ya "ameshapiga" kabla ya kuita kontrakti nyingine yoyote, hasa kama unataka kumpa mpigakura tokeni (kama sarafu ya kidijitali) ya kumbukumbu, maana kontrakti ya mpokeaji inaweza kuita yako tena kabla hujamaliza. Juni 2016 mfuko wa uwekezaji wa The DAO ulichotwa ether (sarafu ya blokcheni ya Ethereum) kama milioni 3.6 kwa mtindo huo, ulikuwa unatoa hela kwanza ndo inapunguza salio.

Na usipige kura kwa salio la tokeni, mtu anapiga, anamtumia rafiki yake, naye anapiga kwa tokeni zile zile. Wanaotumia tokeni inabidi wasome salio la bloku (kundi la miamala) iliyopita, kabla kura haijafunguliwa. Aprili 2022 mradi wa sarafu ya kidijitali wa Beanstalk uliibiwa kwa sababu kura zilihesabiwa kwa kilichopo mkononi muda huo, mshambuliaji akakopa mamilioni kwa muamala mmoja, akapitisha pendekezo lake mwenyewe, hasara kama dola milioni 182.

Siri ya kura nayo iangalie, kwa sababu daftari la anwani likivuja kila mtu ataona nani kampigia nani. Ukiwa na muda angalia Semaphore, programu ambayo kwayo mpigakura anathibitisha yumo kwenye orodha bila kusema ni yupi, na inatoka namba moja ambayo kwa uchaguzi huo haibadiliki hata arudie mara ngapi, kontrakti inaitunza hiyo namba, ikija tena inakataa. Ni ngumu kidogo ila kwangu mimi ndo jibu zuri kuliko yote hapa.

Ila jua mwenye ufunguo (siri ya kusainia) wa mwenyekiti anaweza kuingiza wapigakura hewa akitaka, na hakuna mstari wa programu utakaomzuia. Kwa hiyo kila anwani inapoingizwa kontrakti itoe tukio, yaani taarifa iliyorekodiwa, linaloonekana na wote, mawakala wa wagombea wahesabu wenyewe walinganishe na idadi ya waliojisajili chuoni, zikizidi hata moja wapinge kabla upigaji haujafunguliwa.