Kwenu mliomaliza Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, juzi: acheni kubandika orodha ya wadaiwa

Mdogo wangu amenionyesha kikundi cha WhatsApp cha darasa lao. Majoho hayajarudishwa, tayari wana katibu, mweka hazina, katiba ndefu kuliko tasnifu zao, na orodha inayobandikwa kila asubuhi: waliolipa mchango tiki, wasiolipa msalaba mwekundu. Nilicheka, halafu cheko likanikauka. Wadogo zangu, sisi wa 2005 tumepita hukohuko.

1. Namba. Chukueni ya mtu na ya ndugu yake mmoja. Laini hupotea.

2. Pesa. Zisikae kwenye simu ya mweka hazina hata kama ni mlokole. Akaunti ya kikundi, watia saini watatu. Ada iwe ndogo, maana wenye ajira Bodi ya Mikopo inawakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na wengine ajira yenyewe bado wanaisikia tu.

3. Orodha. Hapa nivumilieni.

Nilikuwa katibu, tena nikijiona mchapakazi kwelikweli. Harusi ya mwenzetu ikikaribia, alfajiri nimeshabandika: jina, ahadi, alicholipa, deni. Chini naandika "tusiaibishane jamani", na hapo ndipo nimemaliza kuwaaibisha. Jamaa mmoja jina lake lilikaa na sifuri harusi baada ya harusi. Huyo ndiye aliyenibeba hosteli ya Mabibo mwaka wa pili nilipokuwa sina chumba. Kitanda cha futi mbili na nusu, yeye kichwa mlangoni, mimi kichwa dirishani. Bumu, ile pesa ya kujikimu, likichelewa, ugali wake tulikula wawili. Yote hayo nayajua, na bado siku moja nikaliandika jina lake kwa herufi kubwa, nikatupia na kijembe kuhusu watu wanaopenda pilau za wenzao. Watu wakacheka. Usiku akatoka kikundini.

Sikumpigia. Nilisema moyoni, akikwama atarudi mwenyewe.

Hakurudi. Muda ukapita, nikakutana na binamu yake kwenye daladala ya Mwenge. "Msibani mbona hatukuwaona?" Msiba gani? Mama yake, yule aliyekuwa akitutumia korosho kutoka Newala, alishazikwa na arobaini ilishasomwa. Na kazi jamaa aliachishwa kabla ya ile sifuri ya kwanza. Hakuna aliyejua, kwa sababu swali langu lilikuwa moja tu: unatoa lini?

Nilimfuata Mbagala na bahasha ya rambirambi, nimechelewa vibaya mno. Alinikaribisha, tukanywa chai, bahasha akapokea. Nilipomwomba arudi kikundini akasema, "Nashukuru kaka, niko sawa." Kule Mabibo hakuwahi kuniita kaka, aliniita majina ambayo hapa hayaandikiki. Siku hizi tunapigiana simu Idi na Idi, na ananijibu kwa adabu kama anaongea na afisa wa benki.

Basi: orodha aione mweka hazina peke yake. Anayesuasua mpigie, umjulie hali, michango usiitaje.

4. Mkutano wa mwaka. Msiufanyie hoteli ya Masaki. Aliyekosa kazi hatakuja kuulizwa "uko wapi siku hizi?" mbele ya sahani ya bei hiyo. Nendeni Mlimani penyewe Jumamosi, mle, mbishane nani alinusurika kudisko, yaani kufukuzwa kwa kufeli, na nani alidesa, yaani alinakili, kwa nani, mpige picha Nkrumah, jengo lililokuwa mgongoni mwa noti ya mia tano kabla haijawa sarafu 2014. Ratiba andikeni saa nne ili watu wafike saa saba. Sisi mara ya mwisho mlinzi getini alitukagua vitambi na vipara, akauliza kwa heshima zote, "Shikamooni wazee, mmeleta mtoto kujiandikisha?" Tukamsukumia mbele mwenzetu mmoja aliyeoa mwaka jana, ajibu yeye.