Usiwe na Haraka ya Kuyaacha Magongo

Ukivunjika kifundo cha mguu, kila anayekuja kukujulia hali atakuuliza swali lile lile: hogo, yaani plasta ngumu ya mguuni, linatoka lini? Ni swali la upendo, ila linakufanya utazame pasipo. Hogo hutolewa kwa dakika chache. Kutembea hurudi kwa miezi, na kurudi vizuri au vibaya kunategemea sana unavyokanyaga wiki za kwanza baada ya hogo kutoka. Mfupa ukitulizwa mahali pake hujiunga wenyewe. Mwendo hauna tabia hiyo.

Mimi niliteleza kwenye ngazi, kidato cha mwisho kabisa, mguu wa kushoto ukapindukia ndani. Kifundo ni mahali mifupa mitatu inapokutana: mfupa mkubwa wa muundi, mfupa mwembamba ulio ubavuni mwake upande wa nje, na mfupa mfupi uliokaa juu ya kisigino. Uliovunjika ni ule mwembamba, pale kwenye nundu ya nje ambayo unaweza kuipapasa sasa hivi ulipokaa. Vipande havikuhama, kwa hiyo sikupasuliwa. Aliyevunjika nundu zote mbili, au ambaye kiungo kimetoka mahali pake, mara nyingi hufungwa kisahani cha chuma na skrubu, na safari yake ni nyingine kabisa. Ndiyo maana habari za "fulani alivunjika na mbona alitembea upesi" sizisikilizi tena. Fulani alivunjika kwake.

Kama ndiyo kwanza umeumia na unasoma hili mguu ukiwa umevimba, usidanganywe na ule usemi kwamba ukiweza kukanyaga basi hujavunjika. Wapo wanaokanyaga na mfupa umepasuka. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni ambazo hadi leo hutumika kuamua nani apigwe picha ya eksirei. Kifundo kikiwa kinauma, wanaangalia mambo mawili. La kwanza ni maumivu unapobonyezwa mfupa wa nundu, kwenye ncha yake au ukingo wake wa nyuma. La pili ni kushindwa kupiga hatua 4, pale ulipoumia na tena ukifika hospitali. Moja tu likiwepo, picha inapigwa. Na kabla ya picha usikubali mtu akuchue wala kukuvuta mguu, hata awe na nia njema kiasi gani.

Siku za hogo sina mengi ya kusema, maana kazi yako wakati huo ni kutulia. Mguu ukae juu kuliko moyo. Kuketi kwenye kiti na kuuweka mguu juu ya kigoda hakutoshi; lala chali, panga mito chini ya mguu. Chezesha vidole, kunja na kunjua goti, kaza paja. Ukisimama utaona vidole vinageuka rangi ya zambarau na mguu unajaa damu mpaka unapwita. Ukiulaza juu na rangi ikarudi, usihangaike. Usiyoyavumilia ni haya: maumivu yanayozidi ndani ya hogo hata baada ya dawa na kuinua mguu, vidole baridi au vyeupe, au ganzi ambayo haikuwepo. Hapo unarudi hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku wa manane. Vivyo hivyo ukisikia tafu linauma na kuvimba, au ghafla pumzi inakata na kifua kinachoma: mtu asiyetumia mguu kwa muda mrefu anaweza kuganda damu kwenye mshipa, na donge hilo likipanda mapafuni linaua.

Na uvutaji wa sigara huchelewesha mfupa kuunga. Mwenye kisukari naye asishangae daktari akimwachia hogo kwa muda mrefu kuliko wenzake, hakuna anayemwonea.

Sasa magongo. Watu wengi hupewa magongo wakaoneshwa mlango. Simama wima: kati ya kichwa cha gongo na kwapa pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, na mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono unapouning'iniza, ili ukiushika kiwiko kikunjike kidogo. Uzito unabebwa na viganja, si makwapa. Ukijitundika kwa makwapa unakandamiza mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi, na baada ya siku kadhaa unaweza kukuta mkono umekufa ganzi au kiganja kinalegea. Angalia pia mipira ya chini. Ikilika, sakafu yenye maji itakuvunja mguu wa pili. Kwenye ngazi, unapopanda, mguu mzima unatangulia, kisha mbovu na magongo. Unaposhuka, magongo na mguu mbovu vinatangulia, mzima unafuata. Nilikuwa naitamka kanuni hiyo kwa sauti kwenye kila kidato, na sikujali nani anasikia.

Kabla hujatoka kwa daktari, kila unapokwenda, uliza jambo moja na ung'ang'anie jibu: naruhusiwa kukanyaga, na kwa uzito kiasi gani? Majibu huwa ya aina tatu hivi. Usikanyage kabisa, kanyaga kwa sehemu ya uzito, kanyaga kadiri unavyoweza kuvumilia. "Taratibu taratibu" si jibu. Wengi huambiwa mambo ya wiki 6 hivi kabla mfupa haujashikana vya kutosha, lakini anayeamua ni daktari na picha yake, si kalenda ya ukutani.

Hogo lenyewe linapotolewa, usiogope msumeno. Unapiga kelele za kutisha, lakini meno yake hayazunguki, yanatetema tu: yanakata kilicho kigumu, ngozi laini inatetema nayo. Kinachoshtua ni kinachotokea chini yake. Tafu langu lilikuwa limenywea nusu ya mwenzake, ngozi imekauka inabanduka magamba, na nyayo haikuniitikia. Nilitazama vidole, nikaviamuru viinuke vije kwangu, na nyayo ikabaki imeelekea chini kama mguu wa mtu mwingine. Dada wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, alicheka kwa upole, akaniambia, "Hujapooza, kaka. Umekauka tu." Misuli isiyotumika hupungua haraka sana, kiungo kisichokunjwa hukakamaa, na neva zinazouambia ubongo nyayo iko wapi zimekuwa likizo muda wote huo. Magamba usiyasugue, loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu, paka mafuta, yatatoka yenyewe.

Hapa ndipo haraka inapoanza. Umeruhusiwa kukanyaga, hogo halipo, unaona magongo ni aibu. Unayaegemeza ukutani na kuanza kuchechemea, na nyumba nzima inakushangilia. Mimi nasema afadhali utembee na magongo mawili kwa mwendo ulionyooka kuliko kutembea mikono mitupu ukichechemea. Mwili hujifunza unachourudia. Ukichechemea kila siku, kuchechemea kunakuwa ndiyo mwendo wako, na nyonga, goti la upande wa pili na kiuno vinaanza kudai. Nimewaona watu ambao mfupa wao ulishapona zamani na bado wanayumba, wakidhani ni ulemavu waliobakiziwa na ajali.

Ukitaka kujua kama unachechemea, usijitazame miguu. Sikiliza. Pita kwenye sakafu ngumu ukiwa umevaa viatu, pasiwe na redio. Mwendo mzima una mapigo sawa. Mwendo wa kuchechemea unasema ta-tam, ta-tam, kwa sababu unaukimbia mguu mbovu na kuutupa upesi ule mzima mbele. Na ukichunguza utaona hatua iliyofupishwa ni ya mguu mzima: hauendi mbali, maana ili uende mbali inabidi mguu mbovu ubaki nyuma peke yake, umebeba mwili wote, kifundo kimekunjwa. Hicho ndicho kisichotaka. Kwa hiyo dawa ni hatua fupi zilizo sawa. Kisigino kinagusa kwanza, uzito unapita katikati ya nyayo, vidole vinasukuma. Nyayo itazame mbele. Ikijigeuza kwenda nje, inakwepa kujikunja.

Uzito wa kukanyaga unaweza kuupima nyumbani. Chukua mizani ya kujipimia uzito, iweke sakafuni, weka kitu cha kimo hicho hicho chini ya mguu mzima, shika magongo au meza, kisha kandamiza mguu mbovu mpaka mshale ufike pale ulipoambiwa. Robo ya uzito wako, nusu, vyovyote daktari alivyosema. Funga macho, rudia, fungua uone umefika wapi. Utashangaa jinsi hisia zako zinavyokosea mwanzoni.

Ukifika hatua ya gongo moja, lishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Karibu kila mtu hulishika upande mbovu, maana ndiko kunakouma, na matokeo yake analalia upande huo na kuyumba zaidi. Tunapotembea, mkono wa kulia huenda pamoja na mguu wa kushoto. Gongo likiwa mkono wa kulia linatua pamoja na mguu mbovu wa kushoto na kuupunguzia mzigo, huku mwili ukibaki wima. Jioni ukichoka na mapigo yakaanza kupotea, rudisha la pili bila kuona haya. Mimi niliendelea hivyo kwa muda, asubuhi moja, jioni mawili.

Mazoezi yapo mengi, nami sitayaorodhesha yote kwa kuwa mtaalamu wako ndiye atakayekuchagulia. Nitasema lile lililonisaidia kuliko mengine. Simama ukiutazama ukuta, mguu mbovu mbele, kisigino kimeshika sakafu kabisa. Sukuma goti liguse ukuta. Likigusa, rudisha mguu nyuma kidogo, ujaribu tena, mpaka upate umbali wa mwisho ambao goti linagusa bila kisigino kuinuka. Pima umbali huo kwa vidole vya mkono, halafu pima mguu mzima. Tofauti hiyo ndiyo inayokufanya uchechemee na ndiyo inayokuzuia kushuka ngazi. Mwanzoni goti langu halikugusa ukuta hata nilipobandika kidole gumba cha mguu kwenye ukuta wenyewe. Ongezeko la unene wa kidole kimoja linaonekana kidogo ukilipima, ila ngazini unaliona mara moja.

La usawa nalo usilidharau. Simama kwa mguu mbovu peke yake karibu na kitu cha kushika, wakati unapiga mswaki kwa mfano. Utaona kifundo kinatetemeka kushoto na kulia: ni zile neva zinarudi kazini. Wengi wanaotegua mguu ule ule baadaye ni wale walioridhika na kutembea, wakaruka sehemu hii.

Kuhusu maumivu, kipimo changu kilikuwa asubuhi ya pili. Kuuma kidogo wakati wa zoezi na kutulia baadaye, endelea. Ukiamka mguu umevimba kuliko jana na unauma zaidi, jana ulizidisha. Punguza, usiache kabisa. Maumivu makali ya ghafla penye mfupa wenyewe ni habari nyingine, hayo unampelekea daktari. Uvimbe wa jioni wenyewe utakuwa nao kwa miezi mingi, hata ukitembea vizuri. Vaa viatu vya kamba vyenye kisigino imara ili uweze kuvilegeza jioni, na ndala ziweke kando, kwa sababu vidole huzing'ang'ania na hatua inaharibika.

Na usikae ukiuogopa mguu kama yai. Julius Wolff, daktari mpasuaji wa Ujerumani, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Ukisharuhusiwa kukanyaga, kukanyaga ni sehemu ya tiba. Anayeendelea kuuning'iniza mguu kwa woga anauchelewesha sawa na anayeukimbiza.

Vitu vinavyochelewa kurudi ni kushuka ngazi mguu mmoja mmoja, ardhi ya mabonde na mawe, na kukimbia. Kuendesha gari nako, hasa kama ulioumia ndio mguu wa breki, kunangoja mpaka uweze kukanyaga kwa nguvu na kwa ghafla bila kusita. Kwa kukimbia, kipimo nilichopewa ni kuinuka juu ya vidole kwa mguu mbovu peke yake, mara nyingi kama mguu mzima unavyoweza, kisha kuruka kwa mguu huo bila maumivu. Kuinuka naweza sasa, ingawa tafu la kushoto linachoka kabla ya la kulia. Kuruka bado.