Re: Miwani ya AR kwa mafundi umeme, ninunue au nisubiri?

Mkuu, umeuliza kama uwanunulie mafundi wako sita wa umeme miwani ya AR (ile inayoonyesha picha na maelezo juu ya kile unachokitazama) kwa mkupuo. Ningekuwa wewe ningeanza na moja tu, nimpe fundi mchanga anayekwenda saiti peke yake.

Faida yake kubwa si zile picha za kuelea hewani. Ni kwamba fundi mkongwe aliyebaki ofisini anaona, kupitia kamera ya miwani, kile kile anachokiona kijana. Paneli iko wazi, mkono mmoja una testa, mwingine tochi, na mzee anamwambia sikioni: "Hiyo usiguse, fuata waya wa kahawia mpaka kwenye sakiti breka." Kwa simu ya video kijana angehitaji mkono wa tatu.

Boeing, watengenezaji wa ndege, walitumia miwani ya aina hii kuunganisha nyaya za ndege, wakaripoti muda wa kazi kupungua kwa asilimia 25. Lakini nyaya zile zina mchoro kamili. Nyumba ya zamani haina, na miwani haioni waya uliofukiwa ukutani, hata muuzaji aseme nini.

Uzito nao usiudharau. HoloLens 2, miwani ya AR ya Microsoft, ni gramu 566 na chaji yake hukaa saa 2 hadi 3; shingo italalamika kabla ya betri. Tena Microsoft walisitisha kuitengeneza mwaka 2024, na Google waliacha kuuza miwani yao ya Glass mwaka 2023, kwa hiyo muulize muuzaji programu itahudumiwa mpaka lini.

Na kamera isiwashwe ndani kwa mteja kabla hajaridhia.